Maji Inakimbia, Mawese Inabaki

Yaya Sindano! Dada yangu mukubwa, wewe mwenye hata kanzu ya shehe na kola ya padri zinapita mu mikono yako!

Habari ya kwenu? Mugongo ya mama imepoa kidogo? Na ile pedali ya mashini yako ya kushona, bado inalia kama mbuzi? Mimi hapa Bujumbura niko muzima kabisa, nakula vizuri, ila kichwa ndiyo inachemka. Nimeandika na mukono, halafu nitapiga picha kila karatasi nitume ku telefone ya bwana yako. Mwambie asisome, ni mambo ya mimi na wewe. Najua atasoma.

Siku ile uliniuliza ninafanya nini hapa ku atelie ya plastiki, nikajibu "mabeseni", kisha unite ya telefone ikaisha. Yaya, si mabeseni tu tena! Sikiliza.

Wewe unajua velure, ile nguo ya manyoya. Tone ya maji ikianguka juu ya velure mupya, inakaa juu ya manyoya, unaipukuta inaenda. Juu ya nguo isiyo na manyoya inalala, inaingia. Bon, plastiki na yenyewe unaweza kuiotesha manyoya! Lakini madogo, madogo sana, jicho haiyaone, hata kidole haiyasikie vizuri. Haubandike kitu, haupake dawa. Plastiki ni ile ile, umebadilisha ngozi yake tu, na tabia yake inabadilika. Niliona hiyo ku telefone, mutu anaeleza na Kiingereza. Mimi Kiingereza sisikii, nikatazama mikono yake tu, nikarudilia, nikarudilia, mpaka telefone ikazima.

Sina mashini ya wazungu. Nilichukua pasi ya makaa ya jirani, papiye emeri ile laini kabisa ya kusugulia mbao, na kipande cha beseni iliyopasuka. Unaweka plastiki juu ya emeri, kitambaa juu yake, unakandamiza na pasi mpaka plastiki inalainika na kuingia mu vitundu vyote vya emeri. Kisha unangoja. Ukiivuta ingali ya moto sana, inavutika kama ugali mubichi. Ukichelewa, emeri inang'ang'ana, haitoke. Lakini ukiivuta saa yake, kila kitundu kinaacha unyoya wake umesimama! Nilichoma vipande sijui vingapi, na kitambaa ya jirani pia, usiniulize. Siku moja nikavuta, nikadondosha maji na kidole. Tone ikasimama duara, kama jicho ya samaki. Nikainamisha kidogo, ikakimbia, ikabeba na vumbi yote ya njiani! Nikapiga kelele. Ramazani, yule kijana wa Nyangwe mwenye tunakaa chumba moja na kufanya kazi moja, akaingia mbio na fimbo.

— Nyoka iko wapi?

— Si nyoka, ni maji! Angalia, inakimbia!

— Maji ndiyo inakimbia, na wewe ndiwe unalia? Ndugu, kula kwanza.

Nikaenda kumwambia patron, mwenye atelie. Yeye hapendi maneno mingi. Akaniambia: "Kesho, mbele ya wafanyakazi wote. Maji ikikimbia, presi mupya unaishika wewe. Isipokimbia, unarudi kusaga mabeseni mabovu, na usinisumbue tena." Presi, Yaya, ile mashini kubwa ya kukandamiza plastiki! Kuna wanaume hapa wamezeeka hawajaigusa.

Asubuhi nikaoga, nikavaa ile shati ulinishonea, nikajipaka mafuta miguu na mikono, kwa sababu unajua kwetu, mutu haende mbele ya wakubwa na ngozi nyeupe kama ametoka mu majivu. Hata kiti ya wageni mama anaipaka. Basi nikaangalia kipande changu, nikaona kimefifia, hakina mwangaza. Nikasema hapana, hakiende vile. Nikakipaka mafuta! Nikakisugua mpaka kikang'aa vizuri sana.

Mbele ya watu wote nikamwaga maji. Ikalala pale. Ikatapanyika, ikatulia kama mugeni amepewa kitanda.

Watu walicheka mpaka mashini ikazimwa. "Profesa wa Kasongo, maji yako imechoka!" Na Ramazani, rafiki yangu mwenyewe: "Iambie ikimbie, labda haisikii Kiswahili ya kwenu!" Patron akageuka kwenda.

Hapo ndipo nilishika maana. Maji inasimama juu ya manyoya kwa sababu chini yake kuna hewa. Mimi nilifukuza hewa, nikajaza mafuta! Nikaita: "Patron, dakika kumi tu!" Nikakimbia ku robine ya kunawia, maji ya moto na sabuni, nikasuuza, nikasuuza tena, nikapepea mpaka kikauke. Nikarudi, nikamwaga. Maji iliruka mpaka ku kiatu cha patron. Hakuna mwenye alicheka. Siku ile ile nikapewa presi.

Sasa fika karibu, hapa ndipo iko shida.

Mawazo yangu ilikuwa kwa mujomba wetu wa kule Wamaza: plastiki ya kufunika mupunga ku baisikeli. Mvua inapiga, maji na tope vinateleza, mupunga unafika mukavu. Moja nimeisha kutengeneza, nikaimwagia tope, ikatoka safi. Ila musiisugue na mchanga kama masufuria, manyoya yatakatika. Patron akasema hiyo ni ndogo. Yeye anataka bidoni, yale madumu ya kubebea mafuta ya mawese. "Utie ngozi yako ndani. Tutasema mawese haishikane, hata tone haipotee. Jimbo yote ya Maniema itanunua." Ameita wafanyabiashara wa Kasongo na Kabambare, watafika wiki ijayo Jumamosi, siku ya posho. Mimi ndiye nitasimama mbele yao, kwa sababu niko wa kwao, wataniamini.

Nikamwambia: patron, mawese inashikana, inaingia kati ya manyoya, wewe mwenyewe uliona. Na ndani ya bidoni mukono haufike kuosha. Mawese ya zamani itachacha mule, itaharibu mupya. Akacheka: "Mawese si maji tu yenye rangi?" Nikasema tena. Akaacha kucheka. "Siku ya posho utamwaga maji. Wakiona inakimbia, watajisemea wenyewe. Wewe hautakuwa umedanganya mutu."

Yaya, sitaimwaga hiyo maji. Nimeisha kukata shauri. Wale wamama wenye kupanga bidoni ku soko ya Kasongo ndio unawashonea, ndio walitubeba mugongoni. Na sina woga ya kurudi kusaga. Pasi iko, emeri iko, mikono inajua. Lakini nikikataa pembeni, patron atasimamisha mutu mwingine, Ramazani pengine, na bidoni zitanunuliwa. Nikimwaga mawese mbele yao, wataona na macho yao. Ila patron atapata haya mbele ya wageni, na yeye ndiye alinipokea siku nilifika hapa bila karatasi, bila mutu.

Salimia mama, mwambie nimenenepa. Salimia mujomba wa Wamaza, plastiki yake itafika, hata kama presi sina tena. Na shangazi mwenye kukausha samaki kule Nyangwe, mwambie mujukuu wake Ramazani ana mudomo lakini ana roho nzuri.

Chupa ya mawese nimeisha kununua. Unipigie mbele ya siku ya posho kufika, uniambie wazi. Ungekuwa wewe, wafanyabiashara wamekaa, patron anakutazama usoni, ungeifungua?

Ni mimi mudogo yako mwenye kukupenda,
Amisi