Nilisuuza Chupa Isiyosuuzwa

Shikamoo mshauri, nakuandikia nikiwa kazini, mlango nimeurudishia, maana jambo hili nimemwambia mume wangu peke yake naye kaniambia ninyamaze.

Mimi nachukua sampuli za maji, kila Jumanne napita vituo sita kwenye vijito vinavyoteremka kutoka mgodini, najaza chupa, nazipanga kwenye boksi la barafu nazipeleka maabara, na dada aliyenifundisha kazi kabla hajahamishwa aliniambia nisuuze kila chupa mara tatu kwa maji ya kijito kabla ya kuijaza, nami nikasuuza za kifuniko cheupe na za kifuniko chekundu, ingawa zile nyekundu huja na matone machache chini, na matone hayo yalinisumbua akili tangu siku ya kwanza, chupa mpya inakuwaje na umajimaji, lakini nikadhani ni ya kiwandani, sikuuliza.

Kwa miezi saba majibu ya kituo cha nne yalikuwa safi, na hapo ndipo wanapochota watu wa kwa mume wangu, basi mama mkwe wangu aliponiuliza kama maji yale yanafaa kunywa, kwa kuwa kisima cha pampu kiko mbali, tena magoti yanamsumbua, nilimjibu kifua mbele kwamba yanafaa, na tangu hapo ananiita Daktari wa Maji, na jirani akileta ubishi anamwambia, "Mkwe wangu ameyapima kwa mashine, wewe umeyapima kwa ulimi."

Wiki tatu zilizopita mvua ilinikuta pale kituo cha nne, nikajaza chupa nyekundu bila kusuuza nikakimbilia gari, na jibu lilipotoka risasi, nasema madini, si ya bunduki, ilikuwa mara tano ya kawaida, mkuu wetu akasema hiyo ni hitilafu, akanirudisha nikachukue upya, safari hii nikasuuza kwa bidii, likatoka safi, naye akaikata ile namba ya kwanza kwa kalamu akaridhika, lakini mimi nikabaki najiuliza ni ipi kati ya zile mbili iliyosema kweli, mpaka juzi nilipofungua boksi jipya la chupa nikasoma ile karatasi ambayo siku zote naitupa: zenye kifuniko chekundu zisisuuzwe, matone ni tindikali, yanazuia madini yasing'ang'anie kuta za chupa.

Mume wangu anasema yaliyopita si ndwele, niache tu kusuuza kuanzia Jumanne na namba zitapanda zenyewe, la sivyo nitafukuzwa kazi na mgodi utasema vipimo vyetu vyote ni bure. Nifanyeje?

Mpima Maji

*

Marahaba.

Nikusifu mapema, maana mbele huko sitakusifu. Watu wengi wakipata namba mbili zinazogombana huchagua ile inayowafaa. Wewe uliendelea kuuliza. Tatizo ni kwamba swali lilikujia miezi saba iliyopita, ukalimeza. Mtu wa vipimo hamezi swali.

Aliyekufundisha alikosea. Mkuu wako alikata namba bila kuuliza imechukuliwaje. Maabara nayo ilipaswa kuangalia kama tindikali imo chupa zilipofika. Kwa hiyo lawama mnagawana. Lakini neno "yanafaa" lilitoka kinywani mwako.

Mumeo anasema yaliyopita si ndwele. Hili halijapita, linachotwa kila asubuhi. Na ukiacha kusuuza kimyakimya, namba zikaruka, watu watatafuta kilichobadilika mgodini, kumbe kilichobadilika ni mkono wako. Hapo ndipo mgodi utakapocheka kweli.

Nilimpigia simu fundi wa maabara moja, si ya kwenu, nikitaka kujua kama miezi saba imepotea. Jibu lake sikulitegemea.

"Haijapotea, kaka," alisema. "Risasi imejibandika kwenye chupa. Tia tindikali ndani ya chupa ileile, ngoja siku nzima, nyingi yake itarudi kwenye maji."

Kwa hiyo uliza leo ni chupa zipi ambazo hazijatupwa, na uombe zisiguswe. Namba zitakazopatikana hazitakuwa kamili, ila zitakuwa karibu na ukweli kuliko zile safi.

Kisha andika ukurasa mmoja. Weka tarehe uliyoanza kazi, jinsi ulivyosuuza, siku ya mvua, na ile namba iliyokatwa, uiandike upya. Ambatanisha karatasi ya boksi. Mkabidhi mkuu wako mkononi, nakala iende maabara. Kama utafukuzwa sijui, na sitakudanganya. Ninachojua ni kwamba anayejisema huulizwa maswali, anayefumaniwa hupewa barua.

Hiyo, hata hivyo, ni kazi ya pili. Ya kwanza iko kwa mama mkwe wako. Usimshauri achemshe, moto hauondoi risasi. Usimweleze habari za tindikali na vifuniko. Mwambie, "Mama, nilikosea. Maji ya kijito usiyanywe mpaka nikwambie," na majirani wasikie. Atakuaibisha kidogo, ni haki yake. Ndoo ya kisimani utabeba wewe na mumeo, kwa zamu, aanze yeye aliyekwambia unyamaze.

Wakuu hufika ofisini saa mbili. Mama wakwe hubandika chai saa kumi na mbili asubuhi. Fuata saa ya chai.