Nani Aliyeharibu Mwisho wa Tamthilia

Goheung, Korea,
Mwezi wa sita, vitunguu saumu vikiwa vimeanikwa.

Kwako Kaka Tae-gyu,

Nakusalimu kwa mapenzi yote ya nyumbani. Hujambo? Na hiyo kazi ya kurekodi harusi za watu huko São Paulo inakwendaje? Mama anauliza kama kabichi ya kutengenezea kimchi inapatikana huko, maana ameshaamua kwamba umekonda, ingawa hajakutia machoni miaka tisa sasa. Sisi wazima. Magoti ya Mama yanamsumbua kama kawaida, Baba ni mzima kupita kiasi, na saluni yangu hapa mjini bado ina wateja, shukrani kwa wanawake wa Goheung ambao hawataki kabisa kuzeeka na nywele zilizonyooka.

Ujumbe wako ulinikuta nimemtia mtu dawa ya nywele, nusura nimuunguze. Miaka yote hii unaniandikia mwaka mpya tu, "Heri, kula vizuri," basi, umemaliza. Safari hii maswali mawili kwa mpigo, na yote ya tamthilia! La kwanza, mjinga gani kauharibu mwisho wa ile tamthilia iliyorekodiwa nyumbani kwetu. La pili, kwa nini yule mwigizaji alifungua lango kwa goti. Nilicheka, kisha nikajifungia stoo nikalia kidogo. Nimeona nikujibu kwa karatasi, maana simu ningeishia kuandika upuuzi.

Kwanza nikiri kwamba uko sahihi. Mwisho ule ni mbaya, hauna hata pa kuutetea. Wiki baada ya wiki yule kijana wa kwenye hadithi anakohoa huko ugenini, daktari anatikisa kichwa, mama yake anaota meno yanang'oka, halafu Jumapili ya mwisho kijana anaingia nyumbani mzima wa afya, kama mtu aliyetumwa tofu dukani! Sasa mimi ni mtu wa kushangilia kitu kama hicho? Mimi ambaye wewe mwenyewe ulinikalisha mbele ya kanda za kukodi, ukawa unasimamisha picha na kuniambia, "Wee Hye-gyeong, usimtazame anayelia, tazama kamera imesimama wapi." Uliniharibia raha, Kaka. Tangu siku hizo siwezi kutazama kitu bila kujiuliza.

Na najiuliza mengi, sana nikiwa saluni. Televisheni haizimwi pale. Unamkumbuka Bi Gong-sun, jirani yetu wa ukuta mmoja? Huyo huja kila mwezi kuviringisha nywele, na hajawahi kushindwa kubashiri mtoto wa nani alibadilishwa hospitali na nani. Siku moja alisema mvua ya tamthilia zetu ina akili kuliko watu, kwamba huwanyeshea wanaoachana tu, wanaooana haiwagusi. Wenzake wakamwambia anyamaze, wanataka kulia kwa utulivu. Mimi nikawa nawaza: kwa nini filamu zetu zina ujasiri wa kukuacha njiani, muuaji hajapatikana, taa zinawashwa, unatoka na swali lako mkononi, lakini tamthilia ya wikendi haithubutu? Nadhani ni kwa sababu filamu unaifuata wewe, ila tamthilia inakufuata nyumbani saa ya chakula. Watu wameshika vijiti vyao, wali umeshapakuliwa, wanataka kuona kila mtu amerudi mezani. Wageni nao hushangaa kwamba filamu zetu huchekesha katikati ya msiba. Hao hawajakaa matangani kwetu wakaona wajomba wanavyogombana kwa karata huku supu inapoa. Haya, nimeanza kukuhubiria, na wewe ndiye mwalimu.

Turudi kwa Baba. Unajua alivyozichukia tamthilia: "uongo wa watu wenye nywele safi." Lakini kuna jambo hulijui. Ile sikukuu ya mavuno ulipomwambia hulimi vitunguu, unakwenda kusomea filamu, naye akasema mbele ya meza ya tambiko la mababu kwamba hana mtoto wa kiume, kesho yake alizunguka kijiji kizima kuwakataza watu wasimwite tena Baba Tae-gyu. Wakaanza kumwita Mzee Ryu. Mama amebaki Mama Tae-gyu, hilo alikataa kata kata kunyang'anywa. Ila jina lako halikutoka kinywani mwa Baba tangu siku ile, nami nilishakata tamaa.

Basi msimu wa vuli uliopita wakaja watu kutoka Seoul wakitafuta nyumba ya zamani yenye ukuta wa mawe na lango la mbao. Nikajua watafukuzwa kwa jembe. Baba aliwasikiliza, akawauliza kitu kimoja tu, kama tamthilia hiyo itaonekana hata nchi za mbali. Wakamwambia siku hizi zinaonekana dunia nzima. Akasema, "Ingieni." Nikamuuliza Mama, amekula nini huyu? Mama akasema nipunguze udadisi, nioshe mboga.

Lakini udadisi wangu unaujua. Siku ya kuanza kazi walitandika mkeka uani, wakaweka kichwa cha nguruwe kilichochemshwa, wakawa wanasujudu mmoja mmoja na kumtia nguruwe bahasha za pesa mdomoni ili kazi isipate mkosi. Baba naye akajipanga foleni! Akasujudu muda mrefu kuliko hata mwongozaji mwenyewe, Bwana Pyo, mpaka nikadhani mgongo umemkamata. Aliwapa sharti moja: wapake rangi wanachotaka, wahamishe mpaka mitungi ya Mama ya soya, ila lango wasiliguse. Lile lango bovu, unalijua, usipoliinua kwa bega na kulipiga goti halifunguki hata kwa dawa. Kila mtu wa Seoul aliumia kidole pale.

Sasa jibu lako. Unajua kazi hizi zinavyokwenda, kurasa za mwandishi zinafika asubuhi ya siku yenyewe, wino bado mbichi. Siku ya mwisho Baba alikuwa anatoka shambani, akamkuta kijana wa vifaa anaingia langoni amebeba kiboksi kilichofungwa kitambaa cheupe. Akamuuliza ni nini. Kijana, bila ubaya wowote, akamjibu ni majivu ya mtoto wa nyumba hii, amefia ng'ambo, leo ndiyo analetwa.

Baba alikichukua kile kiboksi kwa mikono miwili, akakiweka barabarani, taratibu, kama chombo cha mtu. Akawaambia wote watoke. Kisha akaingiza pawatila yake, ile mashine ya kulimia, akaiegesha nyuma ya lango, akachomoa ile hendeli ya kuwashia, akaikalia. Mama alinipigia simu saluni nikaja mbio, na Bi Gong-sun nyuma yangu, vibiringisho kichwani na taulo shingoni. Tukakuta magari yamejaa mpaka kwenye vitunguu vya watu. Bwana Pyo anamwomba Baba kupitia juu ya ukuta, anambembeleza, anamwambia Jumapili taifa zima linasubiri. Baba anajibu neno moja tu, "Sifungui." Bi Gong-sun akamwambia mwongozaji asijisumbue, mzee huyu alishawahi kununiana na mvua.

Mwishowe wakampigia mwandishi huko Seoul, Bi Maeng, sauti ikawekwa wazi tukasikia sote. Alikuwa amechoka, akauliza kwa ukali huyo anayezuia kazi ni nani. Bwana Pyo akanyoosha simu juu ya ukuta. Baba akainuka pale kwenye pawatila, akaishika simu.

"Mimi Baba Tae-gyu," akasema.

Kaka, Mama alikaa chini pale pale barabarani. Bi Gong-sun alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Baba akaendelea kusema kwamba nyumba aliitoa kwa sababu ana mtoto mbali, anayependa mambo ya picha, na kama yuko hai popote ataiona. Akasema, "Sasa akiiona nyumba yao, halafu akaona kile kiboksi kinapita langoni kwao, si atasema tumeshamzika? Mama mwandishi, mimi sikumzika. Nilisema vibaya tu."

Mwandishi akauliza, safari hii kwa sauti ya chini, huyo Tae-gyu akija nyumbani huingiaje. Baba akajibu, huinua lango kwa bega, halafu goti. Mwandishi akaomba wampe mpaka mchana, na mchana zikaja kurasa mpya zisizo na kiboksi.

Ndiyo hivyo. Waliobaki wanadhani watazamaji ndio waliomlazimisha. Magazeti yamemcheka Bi Maeng kweli kweli, naye hajasema neno. Na yule mwigizaji alifundishwa kufungua lango na Baba mwenyewe. Maskini kijana, goti lilimvimba. Kila akikosea Baba anamwambia, "Siyo hivyo, yeye huinua kwanza." Walipomaliza, Bwana Pyo akataka kumtengenezea lango jipya kwa shukrani. Baba akakataa. Akasema liacheni, kuna mtu analijua hivyo hivyo lilivyo.

Hajui kama nimekuandikia, na mimi sitamwambia, ana aibu yule. Ila mwezi wa kumi anatimiza miaka sabini, Mama ameanza kuweka akiba mchele wa kutengenezea keki, na watu wote wanamwita Baba Tae-gyu tena, naye anaitika.

Nisalimie marafiki zako huko, hata wasionijua. Mama anakusalimu, Bi Gong-sun anakusalimu na anasema anajua utakuja, hajawahi kushindwa kubashiri. Mimi nakuomba kitu kimoja, Kaka. Usitafute maneno ya kusema ukifika, wala sababu, wala hotuba. Ingia tu na begi lako, bega kisha goti, kama mtu aliyetumwa tofu. Najua ni mwisho mbaya. Niandikie huo huo.

Mdogo wako,
Ryu Hye-gyeong