Titi la Kushoto

Jumatatu, 6 Machi 1911
Baridi. Asubuhi nzima nimesimama uchi mbele ya mchoraji wangu, Mamzeli Odile, jiko lake likitoa moshi kuliko joto. Huwa anapiga soga huku akinichora. Leo kimya. Alichora titi kwa mkaa, akalifuta, akachora, akafuta tena. Nikamtania kwamba labda nimezeeka ghafla. Hakucheka.

Jumanne, 7 Machi
Nimeuona mchoro. Uso ni wangu, kiuno changu, hata kovu la goti. Lakini titi la kushoto limebonyea ubavuni, kama kitambaa kilichovutwa na uzi. Nikamwambia amekosea, arekebishe.

Akaweka mkaa chini. "Clémence, kila nikirekebisha mkono unarudi palepale. Ndivyo ulivyo. Umejishika hapo?"

Nikavaa nikaondoka. Nani kamruhusu kuniuliza hivyo?

Jumatano, 8 Machi
Nimejishika. Kuna kivimbe kigumu, kama kokwa ya tunda la cheri. Hakiumi.
Mama naye alisema hakiumi. Hakufika Krismasi.

Ijumaa, 10 Machi
Achille alinikumbatia jikoni, nikamsukuma. Mume wangu si mtu wa kelele, lakini leo aliuliza kuna mwanamume gani huko Montparnasse kwa wachoraji, maana huyo Mamzeli ni kisingizio tu. Nikamwacha aamini hivyo. Bora wivu wake kuliko hofu yake — wivu nauweza.

Jumamosi, 11 Machi
Achille amekwenda mwenyewe kwa Mamzeli! Kapanda ngazi zote zile kumtafuta huyo mwanamume. Mamzeli akamfungulia, akamwonyesha mchoro, basi.

Alirudi na kofia mkononi. Supu ya vitunguu ikapoa mezani.

"Miaka yote hii nalala ubavuni mwako," akasema, "na mtu mwingine ndiye aliyeona."

Nilitaka kumwambia hata mimi sikuona. Akauchukua mkono wangu, akauliza ni wapi. Nikamwonyesha.

Jumatatu, 13 Machi
Hospitali. Ukumbi umejaa wanawake, hakuna anayemtazama mwenzake. Achille kaambiwa angoje nje, kakataa. Mamzeli kaja na mchoro umeviringishwa ndani ya gazeti. Anasema daktari akidai ni mawazo yangu tu, atamfunulia mezani. Achille kamsogezea nafasi kwenye benchi. Hawasemeshani.

Mwanamke aliyeingia kabla yangu ametoka akilia. Labda kwa furaha. Sijui.

Muuguzi ameita jina langu. Achille amesimama. Mamzeli amesimama.

Mimi bado naandika