Sheli Isiyosahau

Uingereza, 6 Machi 1983

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi inanionea. Miguu yako inaendeleaje?

Chuoni nimepewa kazi ya heshima. Mtu akikaa mbele ya kompyuta, kuna programu inayopokea amri anazoandika na kuzipeleka ndani. Wenyewe wanaiita sheli. Tunazo mbili. Ya zamani inatekeleza na kusahau. Mpya inakumbuka kila ulichoandika, usihangaike kuandika upya. Mwanafunzi asiyechagua atapewa nitakayoamua mimi, na wengi hawajui hata kama kuna kuchagua. Nataka niwape mpya. Unaonaje?

Mwanao,
Tatu

Chemchem, Tabora, 17 Aprili 1983

Mwanangu Tatu,

Marahaba. Miguu inavimba lakini natembea. Mama yako anakusalimu sana.

Hiyo mpya siiamini. Inakumbuka kwa faida ya nani? Na anayesoma hayo inayoyakumbuka ni nani?

Unamjua Mahona, anayenipimia wateja sukari dukani kwangu. Nilikuwa najivunia kichwa chake, hasahau mteja. Wiki iliyopita walikuja wakaguzi wanaosaka walanguzi, wakamuuliza nani amenunua kupita kiasi. Akawatajia mmoja mmoja bila kukosea. Batuli jirani yetu, aliyekuwa anajiandaa na harusi ya mwanawe, yuko ndani mpaka leo. Sasa watu wakipita mlangoni kwangu wanaangalia upande wa pili, wanadhani nilimtuma mimi. Na mimi kila anayeingia namtazama mara mbili.

Wape ya zamani.

Baba yako,
Mabruki

Uingereza, 22 Mei 1983

Baba mpenzi,

Shikamoo. Pole kwa yaliyompata Bi Batuli. Nimelia.

Nilidhani unatia chumvi. Kumbukumbu za mtu zinakaa kwenye jalada lake, na wanaoweza kulifungua ni yeye na sisi tunaotunza mashine. Nikasema nijaribu, nikuthibitishie kwamba hamna kitu. Nikafungua la Anton, yule kijana wa Usinge aliyeletwa na serikali pamoja nami. Baba, amri zake zinaonyesha anaandika maombi ya kubaki huku, asirudi nyumbani. Tangu hapo nikikutana naye nashindwa kumwangalia usoni.

Umeshinda. Nimewapa ya zamani. Mwalimu wangu ananishuku, anauliza sababu. Nimemjibu kwamba ni nyepesi.

Mahona bado yuko dukani?

Mwanao,
Tatu

Chemchem, Tabora, 3 Julai 1983

Tatu,

Marahaba. Sote wazima, na Batuli ametoka, amekonda sana.

Bahasha yako ilifika imefunguliwa na kugandishwa tena kwa gundi nyingine. Jina la Anton limo, na kwao Usinge umekutaja. Mwambie kijana wa watu leo hii, kabla hajaambiwa na mwingine.

Mahona yupo. Watu wananishauri nimfukuze, nimekataa. Nakupenda, mwanangu, na chumba chako kipo, lakini mambo ya dukani sitakuandikia tena. Mahona waliomuuliza walimsimamia kichwani. Wewe hakuna aliyekuuliza.

Baba yako,
Mabruki