Dawa ya Mdudu

Mute, Jumapili

Dada yangu Benilde,

Shikamoo. Pokea salamu zangu na za mke wangu Celeste, anayesema nisikusalimu kwa maneno matamu mno, utadhani nataka kitu. Goti linaendeleaje? Wapwa zangu wameizoea Mtwara? Sisi huku wazima, kwa upande wa watu.

Ama baada ya salamu, mimi Hélio, mlinzi mkuu wa banda uliloniachia ulipokimbia vita, nakutangazia rasmi kwamba leo asubuhi nguruwe wako Rainha amekunya mavi magumu. Nilimwita Celeste aje ashuhudie. Akaniuliza kama hiyo ndiyo sababu ya kumtoa jikoni.

Usicheke. Rainha alizaa, vitoto vingi kuliko chuchu zake. Sikukuambia, nikitaka urudi ukute banda linapiga kelele, usianze maisha upya na ukimya. Halafu, kwa akili zangu hizi, nikaleta dume kutoka Palma na kumwingiza bandani siku ileile. Haikupita wiki wote wakaanza kuhara damu.

Nikampigia Amélia, yule fundi wa mifugo. Akanigombeza kwanza: mgeni hutengwa, hachanganywi na wenyeji hadi ajulikane ni mzima. Kisha akanitajia dawa. Jina lake refu kama la gavana, lilinitoka kichwani simu ikiwa bado sikioni. Akasema basi niombe dukani dawa ya kuhara damu ya nguruwe, watanielewa.

Jirani yetu Hassane alikuwa anakwenda Palma na pikipiki yake. Unajua huku, mbele ya Mwislamu hatumtaji mnyama huyo kwa jina, tunasema mdudu. Ni heshima tu. Nikamwomba aniletee dawa ya tumbo ya mdudu. Akanitania kwamba mdudu atapona, dhambi ya kubeba dawa atabaki nayo yeye.

Jioni akaleta chupa. Nikawanywesha, damu. Nikafagia, nikamwaga majivu, nikawanywesha tena, damu. Dada, nilichoka hadi nikamtukana dume, naye akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemwambukiza. Vitoto vikaanza kulala bila kuamka.

Amélia alipofika, aliishika ile chupa akatikisa kichwa. Ni dawa ya minyoo, akasema, nzuri kwa minyoo, ila hawa hawana minyoo. Akatoa yake, ya kuchanganya na maji ya kunywa, akanionya nisiiache njiani hata wakionekana wamepona. Kinyesi kifukiwe mbali, sakafu ikauke, na viatu vilivyoingia bandani visitoke tena. Mimi nilikuwa nimevaa vya kanisani. Leo nimekwenda misa na ndala.

Kijiji kizima nimekwisha kukieleza kwamba Hassane aligeuza maneno: niliagiza dawa ya tumbo ya mdudu, yeye akaomba dawa ya mdudu wa tumbo. Watu wamecheka sana. Yeye siku hizi anapita njia ya nyuma.

Sasa nikwambie ilivyokuwa. Hassane hakugeuza kitu. Akiwa dukani alinipigia simu, akauliza wazi, kwa kinywa chake, kwamba mwenye duka anataka kujua: mdudu huyu ni minyoo au ni nguruwe? Mimi nilikuwa nimealikwa maulidi kwa mzee Buanali, nimekaa mkekani, mkono umo kwenye sinia la wali, wazee wa msikiti wananitazama. Nikaona haya. Nikajibu, mdudu tu, bwana, wa tumboni. Nikakata simu, nikaendelea kula.

Yeye Mwislamu alilitamka neno nguruwe, mimi mwenye banda nikalimeza pamoja na wali. Dada, vitoto vyako vimekufa, kimebaki kimoja, kidogo, kinanyonya chuchu zote peke yake. Banda halipigi kelele.

Kesho nitakwenda barazani kwa Buanali, wakiwepo wote na Hassane akiwepo, nilitaje neno lenyewe lilivyo. Nimeanza kulifanyia mazoezi hapa nyumbani, Celeste anasema linanitoka vizuri.

Wasalimie wapwa zangu, na goti ulikande kwa maji ya moto. Ukinikasirikia, kasirika kwanza, halafu rudi.

Mdogo wako,
Hélio, wa nguruwe