Ratiba Uliyoipeleka Kliniki

Mama yangu uliye Kumsenga,

Mwakeye, Mama. Najua barua hii utasomewa na wifi Yustina, maana simu unasema inakunong'oneza tu. Nina habari, lakini nitaitoa nikifika mahali pake. Wifi, usichungulie chini. Soma polepole, na pale nitakapoonekana mjinga usiparuke.

Mama, unakumbuka siku uliyofika kwetu Kasulu? Anitha alikuwa na siku tisa. Ulishuka na ndoo ya maharage, kuku mmoja na furushi la kisamvu, ukanawa mikono, ukampokea mtoto, ukamkagua masikio. "Huyu ni wa kwetu," ukasema, kama vile kulikuwa na mashaka.

Usichokijua siku hiyo ni kwamba nilikuwa na siri. Nikiwa na mimba ya miezi saba nilijaza fomu ya chuo, kozi ya sayansi ya kompyuta. Wanaoomba ni wengi, nafasi ni chache, na wanachujwa kwa mtihani: hisabati, mantiki na kuandika programu. Tangu nimalize kidato cha sita nimekuwa nikichapa barua za watu kwenye ile steshenari ya karibu na soko, na kila siku nilitamani kujua ndani ya ile mashine kunatokea nini. Fideli, mwanao, alijua. Wewe nilikuficha. Niliogopa utasema mzazi wa juzi ana kazi moja tu.

Nikatengeneza ratiba kwa rula na kalamu za rangi tatu, nikaibandika nyuma ya mlango wa chumbani. Ilikuwa nzuri sana, na sikuifuata hata siku moja. Kila nilichoshindwa leo nilikihamishia kesho, mpaka Jumamosi moja ikawa na saa kumi na moja za hisabati.

Wiki ya tatu uliingia chumbani kuchukua nepi, ukasimama mbele ya ile karatasi muda mrefu.

"Hii ndiyo kalenda ya kliniki?"

Nikasema ndiyo, Mama. Kuanzia hapo kila asubuhi ukawa unaniuliza, "Leo kliniki inasemaje?" nami nakujibu inasema tupumzike, au inasema mtoto aoge maji ya vuguvugu. Nikaanza hata kuuzoea huo uongo.

Kisha ikaja siku ya kliniki yenyewe. Mimi nilimbeba mtoto, wewe ukabeba mkoba. Zamu yetu ilipofika ulifungua mkoba, ukatoa ile karatasi uliyoibandua mlangoni na kuikunja vizuri, ukampa nesi. "Tusaidie, mwanangu. Hii ya rangi nyekundu ni chanjo gani?"

Nesi akasoma kwa sauti, kina mama wote wa kwenye benchi wakisikia: "Saa kumi alfajiri, hisabati. Saa kumi na moja, mantiki. Saa moja, marudio ya jana." Akanitazama. "Mama Anitha, hii ni chanjo ya nani?"

Benchi zima likacheka. Wewe hukucheka.

Tukarudi nyumbani. Ukaweka mkoba chini, ukaniita mkekani, nikakueleza yote.

"Mume wako anajua?"

"Anajua, Mama."

"Kwa hiyo asiyejua humu ndani ni mimi peke yangu."

Hapo ndipo nilipolia. Uliniacha nimalize. Kisha ukasema maneno ambayo bado nayasikia: "Mimi nilipoolewa, mama mkwe wangu alinihesabia mpaka safari za kisimani. Nikaapa sitakuwa vile. Leo wewe umenifanya vile bila hata kuniuliza."

Nikakuomba radhi. Ukaikunjua tena ile karatasi, ukaitazama miraba yake yote. "Na hii," ukasema, "imeandikwa na mtu asiye na mtoto."

Siku mbili zilizofuata hukufanya kazi nyingine ila kuiangalia nyumba. Mtoto analala lini, maji yanatoka lini, umeme unakatika lini, mimi nachoka lini. Siku ya tatu ukaniambia nilete kalamu.

"Anitha akishaoga saa nne analala mpaka watoto wa shule wanapopita kwenda kula. Hapo weka ile ngumu."

"Hisabati."

"Hiyo hiyo. Mchana ukimnyonyesha, mikono imeshikwa lakini mdomo ni mzima. Hapo nisimulie ulichosoma. Jioni usiandike kitu. Jumapili usiandike kitu."

"Mama, saa zitakuwa chache."

"Zile nyingi ulisoma lini?"

Nikaandika.

Jumanne na Ijumaa tulikwenda wote steshenari, asubuhi kabla wateja hawajajaa, kwa ruhusa ya bosi wangu. Mimi nilifanya mazoezi ya programu kwenye kompyuta, wewe ukakaa benchi la nje na Anitha mgongoni ukiwapanga watu foleni. Yule mzee Mkongomani mwenye makaratasi mengi alikuuliza, "Mama, ni weye patron wa hapa?" Ukamjibu, "Mimi si bosi, ni bibi yake huyu. Kaa pale."

Lakini mimi sikomi. Ulipobaki mwezi mmoja kabla ya mtihani niliingiwa na hofu, nikaanza kuiba saa za alfajiri. Kichwa kikaniuma, maziwa yakapungua, mtoto akawa analia. Hukunigombeza. Ulikichukua kitabu cha hisabati, ukakiweka juu ya kigoda, ukakikalia, ukaendelea kumenya mihogo. Siku mbili nzima kilikuwa chini yako kila ulipokaa. Siku ya tatu maziwa yalirudi, nawe ukanirudishia kitabu kikiwa na joto.

Zikabaki siku tisa, zikaja habari kwamba wifi ameteleza na kuvunjika mkono, na maharage bado yako shambani. Wifi, sikulaumu. Mama, kabla ya kuondoka ulimwita Fideli kutoka gereji, akaja mikono imejaa grisi.

"Saa nne mpaka saa saba mtoto ni wako. Akilia usimpelekee mama yake. Angalia kwanza nepi."

Fideli alicheka. Aliponiona mimi sicheki na wewe hucheki, akaacha. Kwa siku zote tisa alifunga gereji saa hizo, akambeba Anitha mgongoni kwa kitenge ulichokiacha, akawa anazunguka nje ya nyumba. Majirani wakamwita Bibi Fideli. Mpaka leo wanamwita hivyo, naye anaitika.

Mtihani nilifanyia Kigoma. Nilikuwa nimelala vizuri, nimekula, na sikuwa na deni la jana la masomo. Wengi mle chumbani walikuwa vijana waliomaliza shule juzi tu. Waliandika haraka, nami nikawaacha waende. Swali la mwisho sikulimaliza. Nilipotoka, Fideli akaniuliza kama nimeweza. Nikamwambia nilichokisoma nimekiandika, basi.

Sasa, wifi, tumefika. Jumanne iliyopita nilikuwa steshenari nachapa barua ya mteja, ujumbe ukaingia kwenye simu. Nimechaguliwa, Mama. Wifi, simama hapa kidogo, mwache apige vigelegele.

Barua ya yule mteja niliimaliza, nikamkabidhi, akairudisha. Mahali pa jina lake nilikuwa nimeandika langu.

Chuo kinafunguliwa mwezi ujao, na ni mbali. Nitakwenda na Anitha. Fideli atatufuata akishapata gereji ya kufanyia kazi huko. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, na nina woga kidogo pia. Hisabati siihofii. Nahofia kukaa mahali ambapo hakuna mtu wa kunitazama usoni na kujua nimechoka kabla sijajua mwenyewe. Alhamisi Anitha amekaa mwenyewe bila kushikwa kwa mara ya kwanza, akageuza kichwa kutafuta nani amemwona. Nilikuita, Mama. Niliita kabisa, kwa sauti, ndipo nikakumbuka hupo.

Jumamosi tunakuja na basi la asubuhi la Kibondo, tutakaa wiki nzima. Usiandae kitu. Nitapika mimi, wewe utakaa. Miezi yote ile ulisikiliza mambo yangu, ukabeba mtoto wangu, ukajua nasoma nini na nimekwama wapi. Mimi sikukuuliza hata mara moja wewe ulitaka kuwa nani, kama ungepata mtu wa kukushikia mtoto. Jumamosi nitakuuliza, na nakuomba usinijibu kwa mkato. Tuna wiki nzima.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na wifi, asante kwa sauti yako.

Mkwe wako akupendaye,
Mama Anitha