Binti Yako na Ndama wa Bijombo

Yaya mpenzi, dada yangu mkubwa,

Huku Bijombo baridi inauma masikio, lakini maziwa hayatiwi maji kama yale ya huko kwenu Mulongwe. Binti yako, uliyemfungia ndani anenepe kabla ya arusi hadi moyo ukamdunda na usingizi ukamtoroka, akaja kwangu apumzike, jana alimfukuza ndama mteremko mzima majanini, kikwembe cha kujifunga kiunoni mkononi, akipiga kelele: “Weye kichwa nguvu! Rudi, ama nitakufungia ndani unenepe!”

Aliporudi akihema, nikamuuliza kama moyo bado unadunda.

“Iko inadunda, mama mudogo, lakini sasa najua sababu.”

Akala viazi vya watu wawili, akakoroma hadi asubuhi. Nakuombea usingizi kama huo, yaya. Ila usitume mtu kumchukua: bwana-arusi akitaka mke mnene, aje amkimbize mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Feza